Vita vya Mluzi wa Iringa na Wimbo wa Marehemu Eliezeri

Njooni, mlioketi na mliosimama, mlio na kazi na mnaojifanya mna kazi! Sogezeni vigoda, tegeni masikio, na aliye na kikohozi akikohoe sasa kiishe. Habari niliyowaletea haina mfalme ndani yake, wala haina mkuki, wala hakuna mji uliochomwa moto. Ni habari ya Lutengano, fundi redio wa Iyunga, Mshika Bisibisi, Mfufua Betri Zilizokata Tamaa, ambaye katika mwezi wa tatu wa mwaka elfu moja mia tisa sabini na nane, masika yakiwa yamepamba moto, aliutwaa wimbo mmoja wenye urefu wa dakika tatu na sekunde ishirini, akautoa katika santuri na kuutia katika kanda. Nani kabla yake alithubutu? Wengi, kusema kweli. Lakini hakuna aliyepitia aliyoyapitia yeye.

Huyu Lutengano alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti la khaki lililotobolewa na cheche za kulehemu, naye aliwasemesha redio kwa upole na wanadamu kwa ukali. Ngome yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara kuu. Kulia kwake ilinguruma mashine ya kusaga ya Silvester, na kushoto palikuwa na jiko la Tupokigwe, mwanamke wa chakula, aliyechemsha na kukaanga viazi tangu jua lichomoze hadi lizame. Ndani ya kibanda zilikaa silaha zake kuu mbili: sahani ya kuchezea santuri, na kinasa-sauti cha kanda alichokiunda upya kutoka katika mizoga ya vinasa-sauti vitatu.

Jumatatu ya wiki ile ya fahari alitokea mlimani mama mmoja, Atuganile, mkulima wa viazi na pareto, mjane, kichwani kitenge, kwapani blanketi zito lililoviringishwa kama mtoto mgonjwa.

“Ugonile, fundi.”

“Ndaga, mama. Karibu kigodani. Umeleta redio?”

“Nimemleta mume wangu,” akasema Atuganile, akalikunjua blanketi. Ndani yake mlikuwa na santuri nyeusi, haina hata mkwaruzo.

Jueni basi kwamba miaka miwili nyuma kampuni moja ya santuri ilipanda mlimani na vyombo vyake, ikairekodi kwaya ya usharika wao, na kila mwimbaji akapewa santuri moja kuwa ndiyo asante yake. Eliezeri, mume wa Atuganile, ndiye aliyeimba peke yake ubeti wa pili. Masika yaliyofuata kichomi kilimchukua, kikaiacha santuri. Na Atuganile hakuwa na sahani ya santuri, wala hakuna aliyekuwa nayo mlimani kote. Alikuwa na redio ya kaseti, zao la pareto ya misimu miwili. Kwa hiyo kwa mwaka mzima alikaa na sauti ya mumewe ndani ya sanduku la nguo, asiweze kuifungua, kama mtu aliyepewa barua ilhali hajui kusoma.

“Nataka aingie kwenye kaseti,” alisema, “nimsikie nyumbani kwangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Basi.”

Lutengano akasimama, akaweka mkono juu ya koti lake la khaki, akanena kwa sauti iliyowafikia wanawake waliopanga foleni ya kusaga: “Mama Atuganile! Mikono hii imezirudishia pumzi redio zilizoanguka kisimani! Imefufua redio iliyokanyagwa na punda! Nenda ukale kiazi kimoja kwa Tupokigwe. Utakaporudi, mumeo atakuwa ameshahama nyumba!”

Akafunga waya kutoka sahani hadi kinasa-sauti. Akaishusha sindano. Santuri ikaimba vizuri, kwa sauti tamu isiyo na doa, na kanda ikazunguka. Lakini fundi aliporudisha kanda nyuma na kuisikiliza, ole wetu! Kilichotoka hakikuwa kwaya. Ulitoka mluzi, mrefu, mwembamba, mkali kama sindano ya daktari, ulioanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake bila kupumua. Mbwa wa Tupokigwe alikimbia akavuka barabara. Silvester alizima mashine akidhani mkanda wake umechanika. Atuganile alirudi na nusu ya kiazi mkononi, akasikiliza, akauliza taratibu, “Huyu ndiye Eliezeri?”

Fundi akajaribu mara ya pili, na ya saba, na ya kumi na mbili. Akabadili waya, akabadili kanda, akausafisha mdomo wa kinasa-sauti kwa pamba na spiriti. Mluzi ukazidi kunona. Na hapo shujaa wetu akafanya kosa ambalo mashujaa waaminifu hulifanya: aliandika barua. Jina lililochapwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya santuri lilikuwa Kampuni ya Kinga Sauti, Iringa. Akawaandikia kwa heshima zote kwamba santuri yao moja inaumwa, na kwamba kila anapojaribu kuinakili inapiga kelele, na je, wana dawa?

Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, jibu likaja. Dereva wa lori aliliteremsha likiwa na mihuri mitatu. Nalo lilisema hivi:

“Ndugu Fundi. Santuri haiumwi. Mluzi ni kinga tuliyoificha ndani yake kwa utaalamu mkubwa: sikio la binadamu haliusikii, ila ukipitishwa kwenye waya kuingia katika kinasa-sauti hugeuka kuwa kelele, ili asiwepo mtu wa kunakili. Tunakushukuru kwa kukiri mwenyewe kwamba umejaribu mara kumi na mbili. Kesho Jumamosi Mwakilishi wetu, Ndugu Liberatus, atateremka Iyunga kutoka basi la Iringa, naye atakichukua kinasa-sauti chako pamoja na kila mashine yenye uwezo wa kusikia hapa na kusema pale. Wako katika kulinda sauti.”

Lutengano alisoma barua ile mara mbili, kisha akakaa chini. Kinasa-sauti kile kilikuwa kazi ya mikono yake ya miaka minne. Alikitazama kama mchungaji anavyomtazama ng’ombe wake wa pekee aliyetiwa alama ya kupelekwa mnadani.

“Mama,” akasema, na safari hii hakuhutubia, “nimeshindwa. Chukua santuri yako urudi mlimani kabla hawajaikuta hapa.”

Atuganile, aliyekuwa ameshuka tena kuulizia, hakuinuka. “Fundi, niulize jambo, mimi sina elimu ya nyaya. Sahani yako ikiimba yenyewe hapa kibandani, mluzi naona haupo.”

“Haupo, mama. Unazaliwa kwenye waya.”

“Sasa waya wa nini? Mwache aimbe hewani. Hicho chombo chako nacho kikae hapa, kisikilize kama tunavyosikiliza sisi.”

Fundi akaitazama spika, enyi wasikilizaji, akazeeka papo hapo. Kisha Lutengano, Bwana wa Nyaya, akazikata nyaya zake kwa koleo, akachukua kipaza sauti kidogo, akakiweka mbele ya spika, na juu ya vyote akatandaza blanketi la Atuganile, ili hata chembe ya mluzi iliyobaki hewani ikwame katika sufu. Akajaribu hapo hapo. Mluzi haukutokea! Ila kilichotokea ni mashine ya Silvester, na mafuta ya Tupokigwe yakichachatika, na honi mbili za malori, na kwa mbali sana, kama watu walio ng’ambo ya bonde, kwaya.

“Basi ni hivi,” akatangaza Lutengano. “Kabla basi la Iringa halijafika, Iyunga yote itanyamaza kwa dakika tatu na sekunde ishirini!”

Jioni ile haikuwezekana, maana mvua ilianza kuyapiga mabati kwa ngumi zake zote, ikaendelea hadi kulipopambazuka. Jumamosi asubuhi, mawingu yalipokatika na maji yakiwa bado yanatiririka mitaroni, Lutengano akatoka kwenda vitani akiwa amefunga vifungo vyote vya koti, Atuganile nyuma yake.

Walianza kwa Silvester. Mtu huyu alikuwa mpana, mweupe kwa unga kutoka nyusi hadi viatu, na mbele yake ilikuwapo foleni ya wanawake kumi na saba.

“Niizime mashine?” akanguruma Silvester kushinda mashine yenyewe. “Lutengano! Mashine hii ilinyamaza mara ya mwisho kwenye mazishi ya baba yangu! Malori yameigonga ukuta, haikunyamaza! Wewe na kigoda chako cha redio ni nani?”

Lutengano akavuta pumzi ya kujibu kwa hotuba, lakini Atuganile akatangulia. “Silvester mwanangu, ni mume wangu anaimba. Dakika tatu tu, halafu saga hata mpaka Pasaka.”

Silvester alimtazama. Kisha akaifuta mikono yake kwenye suruali, jambo ambalo halikumsaidia kitu. “Mngesema hivyo tangu mwanzo,” alisema. “Nipe ishara kwa kofia.”

Tupokigwe hakuhitaji kuombwa. Aliahidi kuliepua karai la mafuta na kuacha jikoni sufuria ya viazi vya kuchemsha peke yake, kwa kuwa viazi vya kuchemsha ni chakula chenye adabu. Wakaingoja treni ya asubuhi ipige honi yake iende zake. Wakayangoja malori mawili ya mbao. Na fundi alipokuwa tayari ameinua kofia, barabarani pakasikika kengele, si moja, bali kengele ishirini, na kwato zisizo na idadi.

Alikuwa Shigela, mfugaji kutoka bonde la Usangu, mrefu kama nguzo ya simu, akiswaga ng’ombe arobaini kwenda mnadani.

“Mwangaluka, mzee!” Lutengano akamkimbilia, mikono hewani. “Simama! Kwa heshima ya pembe zote hizi, simama!”

“Mwangaluka,” akajibu Shigela bila haraka. “Kuna msiba?”

“Kuna wimbo.”

Akaelezwa. Shigela akasikiliza mpaka mwisho, akiegemea fimbo, kisha akasema: “Mimi mtu akifa kwetu, namkumbuka kwa ng’ombe wake. Huyu mama hana ng’ombe wa mumewe?”

“Hakuacha ng’ombe,” akasema Atuganile. “Aliacha sauti.”

“Ni kidogo,” akasema Shigela kwa huruma ya kweli, “lakini ndiyo aliyoiacha.” Akang’oa majani ya kando ya barabara yaliyolowa mvua, akapita kwa ng’ombe mmoja mmoja akizishindilia kengele zote ishirini, mpaka kundi likawa bubu. Dume moja jekundu lilionyesha dalili za kutaka kulia, naye akalikumbatia shingo na kulishika pua kwa kiganja.

Saa sita kasoro dakika kumi, kofia ya Lutengano ikapanda juu. Mashine ya Silvester ikakoroma, ikapiga chafya, ikanyamaza. Karai likaepuliwa. Wanawake kumi na saba wakaweka madebe chini na kukunja mikono. Ng’ombe arobaini wakasimama barabarani, na nyuma yao lori moja la simenti likasimama pia, dereva akichungulia dirishani asielewe kitu, lakini kwa kuona wote wamenyamaza, naye akanyamaza. Iyunga, iliyokuwa haijawahi kujisikia yenyewe, ikasikia matone yakidondoka kutoka mabatini juu ya matope.

Fundi akaishusha sindano.

Ubeti wa kwanza ukapita, kwaya nzima, salama. Ukaja ubeti wa pili, na sauti moja ya mwanamume, pana, isiyo na haraka, ikatoka chini ya blanketi. Atuganile, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika mwimo wa mlango.

Na katika dakika hiyo hiyo basi la Iringa likafika, likajikuta nyuma ya lori la simenti, likasimama. Akateremka Ndugu Liberatus.

Alikuwa na suti ya kijivu iliyokunjamana kwa safari ya tangu alfajiri, begi la ngozi, na shingoni filimbi ya shaba, iliyopigwa chapa ya Kampuni, ambayo kila Mwakilishi alipewa ili aipulize amkutapo mnakili katikati ya tendo. Aliona umati uliosimama kimya, vichwa vimeinama, mwanamume amevua kofia. Kwa kuwa alilelewa vizuri, naye akavua kofia yake, akasimama kwa heshima pembeni ya dume jekundu, akamwombea marehemu. Aliomba kwa ubeti mzima. Ndipo, alipoinua macho, akaona ndani ya kibanda gurudumu dogo la kanda likizunguka.

Ee filimbi! Liberatus aliruka mtaro, akaangukia goti moja matopeni, akainuka, akafika mlangoni, akajaza mapafu hewa yote ya Iyunga, akapuliza. Pii! Na kabla ile ya pili haijatoka, Atuganile alikuwa amenyoosha mkono hadi kwenye sufuria ya Tupokigwe, akatoa kiazi cha moto, akakitia katika kinywa cha Mwakilishi kilichokuwa kimefunguka kuvuta pumzi.

Sasa, mwana wa watu aliyefunzwa nyumbani hawezi kutema chakula alichopewa mkononi na mama wa umri wa mama yake. Liberatus alisimama, macho yanatoka machozi, mvuke ukimtoka puani, akikihamisha kiazi kile kutoka shavu la kulia hadi la kushoto, bila kutoa sauti hata moja. Kwaya ikamaliza ubeti wa tatu. Ikaitikia “Amina.” Sindano ikainuka.

Ndipo Iyunga ikalipuka! Mashine ikanguruma, kengele zikatema majani, lori likapiga honi, basi likajibu, na dume jekundu likalia kilio chote lililokuwa limekiweka akiba.

“Ndugu Fundi,” akasema Liberatus alipomeza, kwa sauti ya mtu aliyeungua kaakaa, akisalimu kwanza kama wasalimuvyo kwao Iringa, “kamwene. Kwa jina la Kampuni ya Kinga Sauti ninakitwaa kinasa-sauti hiki, pamoja na kanda iliyomo, kwa kuwa umenakili mali ya Kampuni.”

“Mali ya nani?” Atuganile akauliza.

“Sauti iliyomo ndani ya santuri, mama, ni mali ya Kampuni.”

“Nimeishi nayo miaka ishirini na sita. Ilikuwa inakoroma. Nako kukoroma ni mali ya Iringa?”

Silvester aliacha mashine yake akasogea, Shigela akaja na fimbo, na dereva wa simenti akateremka. Liberatus aliwatazama, akafungua begi, akatoa kitabu cha kanuni. Alikuwa mtu wa kanuni. Hakuwa na silaha nyingine. Akasoma kwa sauti: “Kanuni ya Tisa. Kila nakala ya santuri ya Kampuni sharti isikike ikiwa na mluzi wa Kampuni. Nakala itakayokutwa haina mluzi itatwaliwa, pamoja na chombo kilichoitoa.” Akainua uso. “Lazima nihakikishe kwanza kwamba haina. Hiyo ndiyo haki yako. Ipige.”

Lutengano, akiwa amekata tamaa, akarudisha kanda nyuma, akabonyeza. Wote wakainama: Liberatus kuutafuta mluzi, Lutengano kwa hofu kwamba haumo. Ni Atuganile peke yake aliyesogeza kigoda karibu, akakaa, akakunja mikono mapajani.

Ubeti wa kwanza: safi. Ubeti wa pili: Eliezeri, yeye mwenyewe, karibu kiasi kwamba ulimsikia akivuta pumzi kati ya mistari. Atuganile alifumba macho. Ubeti wa tatu ukaanza, na katikati yake, kwa uwazi usio na shaka, kanda ikasema: Pii.

Liberatus aliishika filimbi iliyokuwa shingoni mwake, akaigeuza, akaisoma chapa. Akakisoma kitabu tena, akipitisha kidole chini ya kila neno.

“Ni mluzi,” akasema polepole.

“Ni mluzi,” akakiri Lutengano.

“Na ni wa Kampuni. Chapa hii hapa.” Alijifuta jasho. “Kanuni haisemi uwe na urefu gani.”

Akakaa juu ya boksi la redio mbovu, ghafla amechoka. “Nina miaka mitatu katika kazi hii,” alisema, si kwa yeyote hasa. “Walinifundisha kusikiliza mluzi tu. Huu ndio wimbo wa kwanza wa Kampuni niliousikia mpaka Amina.” Kisha akakumbuka yeye ni nani, akatoa mhuri, akaupulizia hewa ya moto ya kinywa chake, akaugonga juu ya karatasi ya kanda: IMEKAGULIWA. INA KINGA.

Kelele zilizopanda juu ya Iyunga hapo siwezi kuzieleza. Silvester alimwinua Lutengano begani, akamgeuza mweupe kwa unga. Wanawake kumi na saba walipiga vigelegele, na Shigela akatamka kwamba siku ile ndama atakayezaliwa zizini mwake ataitwa Kanda. Lutengano, kutoka juu ya bega, alijaribu kuhutubia juu ya ushindi wa bisibisi, lakini hakuna aliyemsikia kwa sababu ya mashine.

Andikeni basi, enyi mnaojua kuandika: kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu, kwa mikono ya Lutengano, na kwa kunyamaza kwa mashine moja, karai moja, lori moja na ng’ombe arobaini, wimbo mmoja ulivuka kutoka santuri hadi kanda, na Kampuni yenyewe ikaupigia mhuri. Vizazi vije, vipite, visome.

Atuganile hakungoja hotuba. Aliviringisha blanketi lake, akaitia kanda kifuani, akashukuru, “Ndaga fijo,” akapanda mlima. Alipofika aliweka redio dirishani, akakaa kwenye kiti chake, akambonyeza mumewe aimbe. Alimsikiliza hadi mwisho. Akamrudisha mwanzo, akamsikiliza tena. Mara ya tatu, ubeti wa pili ulipokaribia, alianza kuimba naye, akachelewa kidogo, akacheka peke yake, akaanza upya.